Kugusa Bega

Mchana ule katika kituo cha polisi niliogopa, na hata sasa ninapoandika haya bado naogopa. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kupita mbele ya vijana wanane waliosimamishwa ukutani na kumgusa bega yule aliyemkata kwa panga jirani yangu, Mganda anayeuza vyombo karibu na meza yangu ya vitenge, katika soko la Malakia hapa Juba. Genge lilipovamia soko, jirani alikuwa ameipa njia mgongo. Aliyeiona sura ya mkataji ni mimi peke yangu.

Hakukuwa na kioo wala pazia. Afisa wa kike aliyenisindikiza alikuwa ameomba chumba chenye kidirisha cha mashahidi tangu mwaka uliopita, akaambiwa asubiri. Alikuwa amelelewa Kenya kama mimi. Aliiona hofu yangu.

"Dada, niambie kwa Kiswahili tu," alisema. "Hawa wanajua Kiarabu cha Juba. Hawatuelewi."

Sisi tuliorudi Sudan Kusini kutoka Kenya tuna ujinga wetu huo. Kiswahili tumekifanya chumba cha siri, tunawasengenya watu sokoni huku tunawatazama usoni. Basi nikafungua mdomo, mjinga mimi, nikamwambia ni wa tatu kutoka mlangoni, ila mimi nauza vitenge palepale kila siku na watoto wangu hunipitia wakitoka shule.

Wa tatu akainua kichwa. Hakuonekana kuwa na hasira.

"Wako wawili, si ndio?" aliuliza, kwa Kiswahili cha Nakuru kabisa. "Sare ya kijani."

Afisa alimfokea anyamaze, kisha akaninong'oneza kwamba maneno yangu hayatoshi. Nisipogusa, hana cha kuandika. Kosa lilikuwa letu sote wawili, na alilijua. Niliwapita wote wanane, mikono nimeikunja kifuani. Nilipofika kwa yule wa tatu nilisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye shati lake. Sikumgusa.

Jirani yangu alikuwa ananisubiri getini, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa ameshamwambia vidole vya mkono ule havitakunjika tena.

"Dada, ile mtu iko?"

"Hayuko," nilimwambia.

Akanishukuru kwa kujitolea kwenda, akanishika kwa mkono wake mzima, tukarudi sokoni pamoja.