Sista Aliyekuja Kufuma Ziwani

Siku ile nyumbani kwetu mtaa wa Ziwani walikuwepo Baba Mkubwa kutoka Bungoma, shangazi yetu wa mtaa wa Umoja, wadogo zangu Wekesa na Nekesa, na mimi Nafula, mtoto wa kwanza. Alikuwepo pia Sista Gaudensia, mwalimu mkuu wetu, ambaye hakuna aliyemwalika. Mama alikuwa ametoka kuzikwa, Baba akiwa ametangulia, na kikao kilikuwa cha kutugawa.

Wa enzi zetu mtawakumbuka masista walioanzisha shule yetu. Siku hizi mtoto akikosa darasani, mzazi hupata ujumbe kwenye simu, huujibu kwa kidole gumba, maisha yakaendelea. Sisi tuliletewa sista mzima. Hakugomba. Aliomba kigoda, akatoa uzi na sindano, akakaa mlangoni kwenu akifuma sweta mpaka mtoro avae yunifomu. Majirani walipita wakimwamkia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Wengi wetu tulisoma kwa aibu hiyo.

Basi siku hiyo akakaa. Baba Mkubwa alikuwa amempenda ghafla Wekesa, aliyefikia umri wa kuchunga ng'ombe. Shangazi alijaa huruma kwa Nekesa, ambaye mikono yake ilishafika kwenye sinki. Mimi hakuna aliyenigombania. Nilikula sana.

"Endeleeni tu," Sista alisema. "Mimi nawangoja watoto wangu wa Jumatatu."

Nani atagawa mayatima mbele ya mtawa anayefuma? Wakazungumzia mvua. Wakasifu chai. Wakarudia mvua. Jioni Baba Mkubwa akakumbuka basi lake, shangazi akakumbuka sufuria aliyoiacha jikoni. "Tutaongea siku nyingine," wakasema. Bado tunawasubiri.

Walipoondoka nilimwambia Sista ukweli: wadogo watakuja Jumatatu, ila mimi nitakuwa Makadara nikiuza mandazi, maana lazima mtu awalishe. Alimaliza mstari mzima wa sweta kabla ya kunijibu.

"Sawa. Lakini darasa la nane nakudai."

Mwezi jana shule iliwaenzi masista waanzilishi. Hema, spika, keki. Aliyebaki hai ni Gaudensia peke yake. Kijana wa kipaza sauti, suruali yake imechanwa magotini kwa makusudi, alimwita "mama yetu mpole, asiyejua kukasirika." Sisi wa zamani tukatazama viatu vyetu. Wekesa, siku hizi daktari wa meno, alihutubia. Nekesa, mwalimu, alilia vizuri sana. Wote wawili walisema wamefika walipo kwa neema tu. Nami nilikuwa kiti cha nyuma na sahani yangu. Hakuna aliyeuliza neema hiyo ilikaangwa na nani.

Nilipokwenda kumwamkia, Sista aliushika mkono wangu wenye makovu ya mafuta.

"Nafula. Darasa la nane umeniletea?"

"Sista, lilifutwa. Mtaala ulibadilika. Watoto wa sasa hata hawalijui."

"Serikali imelifuta. Mimi sijalifuta."

Wekesa akaangua kicheko. "Dada, leo umeshikwa!"

"Sista, tazama mvi hizi," nikajitetea.

"Nitangoja," akasema.

Siku hizi mtu anayekungoja hukupigia simu, usipopokea akakusahau. Sista alimtuma yule kijana wa suruali iliyochanika amletee kigoda cha kuegemezea miguu, akachomoa uzi na sindano mfukoni, akaanza kufuma. Sweta lile halijaisha. Nami sijalipa.