Kasuku Aliyeandikishwa Uzee

Kwa miaka kumi na minane Marselina alifua nguo katika makao ya wazee pale Bagamoyo, na hakuwahi kulalamika juu ya lolote mpaka siku alipomwona kasuku wa ukumbini akianguka kutoka kwenye kijiti chake kwa unene. Wazee ishirini walikuwa wakimlisha, kila mmoja kwa siri, akidhani ni yeye peke yake anayemhurumia.

Alikwenda kwa msimamizi, Bwana Noel.

"Yule ndege anateseka," alisema. "Anashindiliwa vitumbua tangu asubuhi, na redio inampigia kelele sikioni kutwa nzima."

Noel alifungua mtoto wa meza. "Fomu ya malalamiko ni ya wazee tu, mama."

"Basi mwandike mzee."

Noel, mtu wa taratibu, akamwandika. Jina: Kasuku. Umri: haujulikani. Ndugu wa karibu: Marselina.

Tangu hapo mambo yakaenda kwa kasi ambayo wazee wenyewe hawakuwahi kuiona. Juma lile lile daktari alikuja, akapiga marufuku vitumbua, akaagiza mgonjwa apewe chumba chenye utulivu. Chumba pekee cha namna hiyo kilikuwa cha Mzee Leodgar, ambaye ni kiziwi na hana redio. Wakamwandikia habari hiyo kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Sina neno, mwanangu," alimwambia Marselina. "Ila hakikisheni hakoromi."

Marselina aliandika kwamba hakoromi, kisha akaenda kutandika kitanda cha pili.