Mipira ya Kushoto

Misimu minane nilikuwa kipa wa akiba wa klabu yetu hapa Maskati, na katika misimu yote hiyo nilisimama golini mechi nne tu. Kazi yangu hasa ilikuwa kumpasha moto kipa wa kwanza. Asubuhi nikiuza vipuri vya magari mtaa wa Ghala, jioni nampigia yeye mipira mpaka miguu iwake. Watu walidhani namwonea kijicho. Mwaka wa kwanza kweli nilimwonea, kisha kikaisha chenyewe. Tulikulia mtaa mmoja Hail, mama zetu wote wametoka Unguja, na kwao nilikula kama kwetu.

Goti liliponiharibikia nikafanywa kocha wa makipa. Alifurahi kuliko mie.

"Sasa umepata ruhusa ya kunitesa," alisema.

Msimu wangu wa pili wa ukocha, kwenye mazoezi Ghubra, niliona mipira ya kushoto inampita naye hatikisiki. Hakuchelewa; hakuiona. Kesho yake nikampigia tena, taratibu, makusudi. Ikawa vilevile.

Nikamngoja penye gari yake. "Sheikh, jicho la kushoto lina nini?"

Alivua glavu kwanza. "Presha ya macho. Daktari kasema imeshakula sana." Kisha akanishika mkono. "Nna mechi sita tu zilobaki. Usimwambie mtu. Wallahi ntaondoka mwenyewe."

Nikamjibu inshallah.

Siku tatu nilikuwa nikiona kiatu cha mshambuliaji kinamjia usoni kwa upande ule asioona. Niliwaona na watu pia, wanasema nimemtoa kwa sababu alinikalisha benchi miaka minane. Siku ya nne, Jumatano, mechi ikiwa Ijumaa, nilikwenda kwa kocha mkuu nikamweleza kila kitu. Jioni ile ile akaondolewa kikosini.

Hakunigombeza. Alikusanya vitu vyake akanipita kama mtu asiyenijua.

Sikukuu ilipofika nikachukua halwa nikenda kwake. Mkewe alinikaribisha kwenye majlis ya wageni, akanimiminia kahawa, akatuacha.

"Mama hajaja uwanjani hata siku moja," alisema. "Anaogopa kuniona naumia. Ijumaa ile alikuwa keshakubali kuja. Kashashona na nguo."

"Hukun'ambia."

"Ungenipa hiyo Ijumaa?"

Nilimaliza kahawa, nikaaga.

Sasa lile jicho limekufa kabisa. Tunaonana msikitini, tunapeana mikono, naye anauliza hali ya watoto wangu kwa adabu, kama anavyomuuliza jirani yeyote. Mama yake alifariki mwaka jana. Nilibeba jeneza pamoja na wengine.

Mara nyengine najiambia ningelijua la mama yake ningengoja mpaka Ijumaa ipite. Kisha najijua kuwa naongopa. Ningekwenda siku ile ile ya Jumatano.