Siku Nilipomfungia Mgeni Rasmi Ndani ya Bani

Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule fundi aliyetoa kichwa juu ya paa la zahanati mbele ya kijiji kizima akipiga kelele za kuomba msaada, suruali imebaki ndani imenasa kwenye msumari, na chini yake mgeni rasmi kutoka wilayani anavuja jasho kama nyama juu ya makaa. Nimesema mwenyewe, msihangaike kunong'onezana. Nimechoka. Nikienda msibani, nikienda harusini, nikipanga foleni ya sukari, lazima atokee mmoja aniulize, "Eti fundi, ni kweli?" Ni kweli. Kaeni niwaeleze mara moja, kisha mniache nipumzike.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, pale Tabora mjini. Shule niliishia darasa la tano (la sita nililiona kwa nje), nikashika mwiko wa ujenzi. Na majengo nayajua, msinidharau. Tembe nalijua, lile la wazee wetu lenye paa bapa la udongo mnene, lilijengwa vile ili adui akitupa moto usishike, na ng'ombe walale humo humo na watu. Nyumba za Wahindi nazijua, mbele duka, nyuma ua, mteja haoni kinachopikwa. Lakini jengo lililonilisha mimi ni bani. Bani ni chumba cha kukaushia tumbaku, kirefu kwenda juu, hakina madirisha maana joto likitoka tumbaku imeharibika, mlango wake mdogo wa kubana, nje kina tanuri la kuni, joto linapita ndani kwenye bomba la bati, na juu zimepangwa fito toka ukuta hadi ukuta za kutundikia majani, halafu kileleni kabisa kuna kidirisha kimoja cha kutolea unyevu. Nilijenga mabani mpaka mikono ikawa inajenga yenyewe, mimi mwenye mikono nawaza mchuzi.

Basi ikaja miaka ile ya kuhamia vijijini, nasi tukahamia kijiji kipya upande wa Goweko, mimi na mke wangu Mama Hadija, pamoja na rafiki yangu Mrisho, mkulima wa tumbaku mwenye mdomo usiolala. Hatujakaa sana, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lugendo, akaitisha mkutano. Serikali itatuletea mkunga na masanduku ya dawa, akasema, ila jengo tujenge wenyewe, na siku mgeni rasmi akifika akakuta halifai, mkunga na masanduku yake wanageuzwa kwenda kijiji jirani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Hadija hakupiga, alikaa ameshika tumbo. Alikuwa na miezi minne, na mimba ya kabla ya ile ilimtoka njiani, juu ya baiskeli yangu, tukihangaika kwenda mjini. Hilo sitalielezea zaidi.

Mzee Lugendo akanigeukia. "Fundi, zahanati umewahi kujenga?"

Hapo ndipo. Ningesema "bado", neno moja tu, wangemtafuta fundi mwingine na leo mngekuwa mnamcheka mwingine. Lakini mkutano mzima unanitazama, mke wangu ananitazama, nami nikajisikia nasema, "Zahanati? Nyingi tu, mzee."

Nikapewa ramani. Nikaishika kwa mikono miwili, nikatikisa kichwa kama ninayesoma barua ya ndugu. Sasa kwenye kuta zake kulikuwa na vistari vyembamba vitatu vitatu, hapa na pale (baadaye niliambiwa hayo ndiyo madirisha). Nikavitazama siku mbili nzima. Mwishowe nikajiambia, vistari hivi si fito hizi? Na nikaona akili imenifunguka, kwa sababu hospitali ina vyandarua, na chandarua kitaning'inia wapi kama hakuna fito? Pembeni palichorwa kijumba cha jiko la kuchemshia sindano na vyombo. Jiko! Hilo nalijua kuliko mchoraji. Nikapanga tanuri safi kabisa, na bomba lake nikalipitisha katikati ya wodi ili wagonjwa wasione baridi ya mwezi wa sita.

Mrisho alipita siku moja tunaezeka, akasimama, akazunguka jengo, akarudi.

"Fundi, mbona kama bani?"

"Wewe umewahi kulazwa hospitali?"

"Sijawahi."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza, na Mrisho kunyamaza si jambo dogo. Wengine nao hawakuuliza. Wangemuulizaje mtu aliyejenga nyingi tu?

Wiki ya sherehe ikanyesha mvua bila kupumua. Lipu ya ndani haikukauka, ukigusa kidole kinazama. Asubuhi ya siku yenyewe nikawaambia vijana, washeni tanuri, mpaka mgeni afike kuta zitakuwa kavu. Nilisema wawashe, sikusema lini waache. Mgeni alitarajiwa saa tatu akafika saa sita, na muda wote huo vijana wa watu, wenye bidii yao ya kujenga taifa, wanasukumia magogo tu.

Gari likaja. Mgeni rasmi akashuka, mtu mnene, suti yake ya kola imepigwa pasi mpaka inakata. Nyuma yake akashuka mkunga, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, akabaki kwenye gari kuhesabu masanduku yake. Ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa. Tukaingia watatu, mgeni, Mzee Lugendo na mimi mwenye kazi yangu, na Mzee Lugendo akausukuma mlango nyuma yetu kwa nguvu ili watu wasijazane.

Jamani, ule mvuke. Lipu mbichi na joto la tangu alfajiri, ilikuwa kama kufunuliwa sufuria usoni. Mgeni akavumilia kidogo, kiuongozi, kisha akauliza, "Fundi, dirisha liko wapi?"

"Liko juu, ndugu mgeni."

Akatazama juu. Akatazama fito. "Na hizo?"

"Za vyandarua."

Akasema tutoke. Mzee Lugendo akavuta mlango, mlango ukakaa. Mbao zilikuwa mbichi, zimekunywa mvuke zimevimba, na mimi milango ya kubana ndiyo sifa yangu. Tukavuta watatu, kitasa kikabaki mkononi mwangu. Tukagonga, tukaita, na nje wanaimba kwa furaha na ngoma zinazidi, maana waliona mgeni amependa jengo mpaka hataki kutoka.

"Fundi, fanya kitu," Mzee Lugendo akasema, amekaa chini, kofia anajipepea nayo. "Fanya kitu, mwanangu, tutakufa kabla ya kufungua."

Nikapanda. Fito zangu zilikuwa imara, hilo mniheshimu, nikapanda moja baada ya nyingine mpaka kileleni, nikasukuma kile kidirisha, nikatoa kichwa na bega moja. Suruali ikanasa kwenye msumari (nilioupigilia mwenyewe), nikajikwamua, suruali ikaamua kubaki. Nikapaza sauti, "Mlango! Vunjeni mlango!"

Wakapiga makofi. Wanawake wakatoa vigelegele. Walidhani ni sehemu ya sherehe! Nikapunga mkono wa kuomba msaada, nao wote wakanipungia. Aliyeelewa ni Mrisho peke yake, maana ndiye aliyeniona nalia, akachukua shoka.

Mgeni rasmi alitoka anafuka kama chai. Ngoma zikakatika. Akajifuta uso, akageuka akalitazama jengo toka chini mpaka juu, na mimi bado niko juu.

"Hili ni bani," akasema taratibu.

Mkunga akasogea mlangoni, akachungulia, akarudi nyuma. "Mimi humu sizalishi mtu. Pakieni masanduku."

Hapo kicheko kikaisha kwa kila mtu. Nilishuka kwa nyuma nikafungwa kanga ya mtu kiunoni, na nilipofika mbele niliona sanduku la kwanza linarudi garini, na mke wangu amesimama mbele ya gari, tumbo limegusa boneti.

"Ndugu mgeni," Mama Hadija akasema, "nyumba yetu ile pale. Ina madirisha manne, nilimwonyesha mimi kwa kidole moja moja. Sista akaikague. Ikimfaa, ni yake."

"Na ninyi mtalala wapi?" mkunga akamuuliza.

Mke wangu hata hakunitazama. "Humo alimojenga."

Mkunga akaenda akakagua. Akarudi, akasema masanduku yashushwe.

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile tukahamisha kitanda na sufuria, na miezi miwili baadaye mtoto wetu wa kiume akazaliwa chumbani kwetu wenyewe, mimi baba nikasubiri nje kwenye benchi pamoja na wagonjwa wa macho. Alizaliwa mzima, na mama yake mzima. Ndiyo maana mnavyonicheka sikasiriki, nachoka tu. Lakini nimeapa, mtu akiniuliza kama nimewahi kujenga kitu, hata kama ni banda la kuku, namwambia kwanza nionyeshe unachotaka kufuga.

Tulikuwa tumeanza kulizoea lile jengo, Mama Hadija ametundika nguo za mtoto kwenye fito na mimi nimetoboa tundu la dirisha, ndipo asubuhi moja nikamwona Mrisho mlangoni na mzigo wa majani mabichi begani. Akanisalimia, akamsalimia shemeji yake, akamsifu mtoto, akatazama juu muda mrefu.

"Fundi, usinielewe vibaya," akasema. "Lakini mnahama lini? Tumbaku imeiva."