Mama Mdogo wa Perizat

Sonun alikuwa mlimaji wa maharage kama watu wote wa bonde la Talas, huku Kirgizia, na mimi kwa muda mrefu nilimsema vibaya. Nilisema ana roho ya jiwe. Kila kiangazi Perizat alipovuka mpaka kutoka upande wa Kazakhstan kuja kukaa kwa baba yake mdogo, wanawake wa kijiji walimkumbatia na kumbusu mashavu. Sonun alimpa mkono. Wakati wa chakula alimpakulia wa mwisho, baada ya wanawe wawili wa kiume, tena kipande cha nyama kidogo kuliko vyao. Msichana akimwita "mama mdogo", aliitika bila kuinua macho.

"Huyu angezaliwa mwanamume angekuwa askari magereza," nilimwambia mke wangu. Mke wangu ni mzaliwa wa kijiji kile, mimi nilihamia tu kufundisha mieleka. Kwa kawaida hucheka nikisengenya watu, ila siku ile hakucheka.

"Funga mdomo wako, Kubat," akasema. "Yule ndiye aliyemzaa."

Ndipo akanieleza. Mume wa Sonun, Turat, alikuwa na kaka mkubwa aitwaye Mukash, aliyehamia upande wa pili kwa kazi ya reli. Mukash na mkewe Zuura walikaa miaka kumi na mmoja bila kupata mtoto. Kwetu jambo hilo lina njia yake: mdogo humpa mkubwa mtoto, na mtoto huyo anakuwa wa mkubwa moja kwa moja. Sonun alikuwa na wavulana wawili. Mimba ya tatu ikaleta msichana, na mama mkwe wake akasema, huyu ndiye. Siku ya arobaini Sonun alizunguka kwa majirani akaomba vipande arobaini vya kitambaa, akamshonea mtoto shati kama ilivyo desturi, akamvika, akamkabidhi Zuura mlangoni. Mama mkwe akamwambia mbele ya watu, "Kuanzia leo huna mdomo juu ya mtoto huyu." Sonun akajibu, "Sina." Alikuwa na miaka ishirini na sita, na maziwa yalikuwa yanamlowesha nguo.

Wala haikuwa siri. Perizat mwenyewe alijua tangu darasa la pili, watoto wenzake walimtania nalo. Kutoa mtoto si aibu kwetu. Kosa ni kulisema. Sonun hakulisema hata kwa mkono wake wakati wa kupakua nyama, na mimi mjinga nikaita huo ubaya.

Perizat alikuja kwenye ukumbi wangu akiwa na miaka kumi na mitatu, akaomba kujaribu. Alimwangusha kijana wa kwanza, wa pili, na wa tatu akakataa kupanda mkekani. Kuanzia hapo kila kiangazi alikuwa wangu. Miezi mingine alifanya mazoezi kule kwao Taraz, akaingia timu yao ya taifa, na hapo ndipo aliponasa. Kwenye uzito wake wa kilo hamsini na tatu walikuwepo wasichana wawili wazuri kumpita kidogo, kidogo tu. Kwa miaka mitatu hakupelekwa nje hata mara moja. Alipofika miaka ishirini alikuja ukumbini kwangu nje ya msimu, na begi begani.

"Kocha, nimechoka kushika mataulo ya wenzangu," akasema. "Huku kwenye kilo zangu mna nani?"

"Hatuna mtu," nikamwambia, na tayari nilijua nitakachokitaka.

Turat alikuwa mtu wa taratibu. Mtoto alipozaliwa alikimbilia ofisi ya vizazi siku ya kumi, na cheti kikatoka: Perizat, binti wa Turat na Sonun, amezaliwa Talas. Baadaye Zuura naye akamwandikisha kule kama wake, na hakuna aliyekumbuka kufuta cha kwanza. Kilikuwa bado kipo ndani ya kasha, chini ya rundo la mablanketi. Kwa cheti hicho Perizat angepata pasipoti ya Kirgizia na kupigana chini ya bendera yetu. Tatizo lilikuwa moja. Karatasi ya zamani namna ile haikutosha peke yake. Mama aliyeandikwa alitakiwa asimame mbele ya afisa aseme, mimi ndiye mama yake.

Nilimkuta Sonun uani, amekaa juu ya gunia anachambua maharage.

"Shemeji," nikaanza, "nina jambo dogo."

"Jambo dogo hukuja nalo umechana nywele. Sema."

Nikasema. Aliendelea kuchambua, punje nzuri huku, mbovu kule. Nilipomaliza akachukua kiganja cha mbovu akanirushia miguuni.

"Usiniambie hivyo tena, Kubat. Una ukumbi mzima wa watoto wa watu. Tafuta mwingine wa kukupatia jina."

Jioni ile Perizat mwenyewe alimwendea. "Mama mdogo, nataka kupigana. Sitaki kitu kingine," alimwambia. "Nikingoja mwaka mwingine nitakuwa mzee."

"Mama yako anasemaje?"

"Sijamwambia."

"Unakuja kwangu kabla hujamwambia mama yako? Nani amekulea wewe? Nenda!"

Akaenda. Siku ya tatu akaja Zuura mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, muuza sambusa za tanuri soko la Taraz, na alikaa mezani kwa Sonun, nami nimeitwa, akamaliza mabakuli matano ya chai ya maziwa kabla ya kugusa habari iliyomleta.

"Sema tu, mdogo wangu," akamwambia. "Ni karatasi. Karatasi haimjui nani alikaa macho wakati mtoto ana surua. Wao wasome watakavyo, nyumbani mama ni mimi."

"Dada, nilikula kiapo."

"Uliniapia mimi. Na mimi nakufungulia." Kisha akanigeukia. "Na wewe, bwana mkubwa wa mieleka, ukinirudishia mtoto amevunjika shingo, nitakukaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Unayo ya kutosha." Tukacheka wote, isipokuwa Sonun.

Ofisi ya vizazi tulikwenda watano. Afisa alikuwa mama mwenye miwani, hana ubaya, ana foleni ndefu tu. Akaangalia cheti, akamwangalia Zuura.

"Na huyu ni nani kwa mtoto?"

Perizat alifungua mdomo akaufunga.

"Kama si mzazi, angojee nje," akasema afisa.

Zuura akatoka, akavuta mlango taratibu nyuma yake. Sonun akasimama. "Mimi ndiye niliyemzaa," akasema. Afisa akamwambia fomu haitaki hivyo, inataka aseme ni mama yake, na kwamba mwingine hayupo. Sonun akasema kama fomu ilivyotaka. Mhuri ukapigwa. Alitoka mbele yetu sote, akampita Zuura kwenye korido bila kumtazama, akaenda bombani uani, akasukutua mdomo mara tatu na kutema. Niliona, na nikajifanya natafuta funguo za gari. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilikuwa nimepata kilo hamsini na tatu.

Perizat alishinda mashindano ya taifa mwezi wa tatu, mapambano manne, yote kwa kumlaza mpinzani chali. Alipewa nafasi ya kwenda mashindano ya Asia. Watu wa televisheni wakaja kijijini, na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo halikuwa na ulazima wowote. Sonun alijificha zizini. Mimi niliwapeleka. Nikasema mbele ya kamera, nimevimba kifua, "Mama wa bingwa ndiye huyu, mwanamke wa kawaida, mlimaji wa maharage." Walipiga picha mgongo wake, kwa sababu hakugeuka.

Taraz wanaitazama stesheni yetu. Sokoni wenzake wakamwambia Zuura, "Kumbe mtoto ulikuwa umemwazima!" Mwingine akamuuliza kama mwenye mali amemlipa gharama za malezi. Zuura alinisimulia mwenyewe kwenye simu huku akicheka. Alicheka sana, hadi nikaona aibu kuendelea kumsikiliza. Kisha akasema, "Lakini ungewanyamazia hao, Kubat. Televisheni haikuwa kwenye mapatano."

Watu wa serikali ya kule pia waliitazama. Kule hawaruhusu mtu kuwa na pasipoti mbili. Pasipoti ya Perizat ya kule ikafutwa, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya wasioingia mpaka shauri lake liishe. Hatukulitilia uzito. Tulisema baada ya mashindano tutalishughulikia. Zuura ndiye aliyekuwa akivuka kuja kumwona, na kapu la sambusa, kila wiki mbili, halafu kila mwezi, halafu miguu ikaanza kumvimba.

Alianguka sokoni mbele ya tanuri, siku tisa kabla ya safari ya mashindano. Mukash alipiga simu asubuhi. Moyo ulikuwa umesimama kabla hajafikishwa hospitali.

Niliwapakia kwenye gari langu Turat, Sonun na Perizat, tukaenda mpakani. Perizat hakulia njiani. Alikuwa amevaa koti la mazoezi lenye bendera mgongoni, nikamwambia alivue, akaligeuza ndani nje akalivaa vilevile. Mlinzi wa mpakani alikuwa kijana mpole. Aliona jina kwenye kompyuta yake, akakuna shingo.

"Dada, umezuiwa kuingia."

"Mama yangu amefariki. Anazikwa kesho."

"Pole sana. Aliyefiwa na mzazi tunaweza kumwombea ruhusa ya siku tatu. Nipe cheti cha kuzaliwa."

Hakuwa na kingine. Kile cha kule kilikuwa kimefutwa pamoja na pasipoti. Akampa alichonacho. Kijana akakisoma, akauliza nani Sonun, kisha akatazama vitambulisho vyetu, na macho yake yakasimama juu ya mwanamke aliyesimama kando yangu.

"Mama yako si huyu hapa?" akasema. "Mzima kabisa."

"Si mimi," Sonun akasema. "Nilidanganya ofisini. Mama yake ni yule aliyekufa."

"Mama, hapa kuna mhuri."

"Nakwambia nilidanganya! Nifunge basi!"

"Ukisema hivyo tena nitalazimika kuandika, na hata wewe hutapita." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemsihi. "Mnataka marehemu akose hata wa upande wenu?"

Perizat akamshika Sonun bega. Sikuwahi kumwona akimgusa. "Nenda, mama mdogo," akamwambia. "Nenda wewe." Akaketi kwenye benchi la mgahawa wa mpakani, huku kwetu, na hapo tukamwacha. Mashindano ya Asia hakwenda. Nafasi ikapewa msichana wa mji wa Osh, naye akatolewa raundi ya kwanza. Perizat hajarudi ukumbini kwangu tangu siku ile, na sijapata uso wa kumfuata.

Garini, upande wa pili, Sonun alisema sentensi moja tu. "Zuura hatazikwa bila binti wa kumlilia." Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa. Kwetu maiti ya mwanamke hulazwa ndani ya hema la sufu, na binti hukaa kando yake ameelekea ukutani, akimlilia kwa maneno ya kuimba, ili kila anayefika asikie kutoka mbali kwamba huyu aliacha mtu. Hema lisilo na sauti hiyo watu hulipita wakiinamisha vichwa.

Tulifika hema likiwa kimya. Sonun akaingia. Sisi wanaume tulisimama nje kwenye mstari, tumeegemea fimbo za msiba, kama inavyotakiwa, Mukash katikati na mimi kando yake. Nilisikia ndani wanawake wakinong'ona, mmoja akasema, "Hapo si mahali pako, wewe ni mke wa shemeji yake," na Sonun akajibu, "Sogea." Kisha akaanza. Sauti ilikuwa mbovu, haikuzoea kupanda. Alimwita mama. Mama uliyenibeba, mama uliyekesha nikiwa na surua, mama niliyekuacha ukingoja nje ya mlango. Mwanamke wa miaka arobaini na saba akimwita "mama" mwenzake aliyemzidi miaka tisa tu, na hakuna tena ndani ya hema aliyemzuia.

Nilitamani ardhi inimeze, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mukash alikuwa hasikii vizuri, masikio yake yaliharibiwa na reli. Aliinua kichwa, akanishika mkono kwa nguvu.

"Kubat," akasema, "ni binti yangu huyo? Wamemruhusu?"

Nilimtazama, nikamwambia ndiyo, amefika.

Uso wake wote ukafunguka. Akaangusha fimbo, akaanza kwenda hemani kumkumbatia.