Siku Niliyomdai Kheir

"Saa hii inakimbia, Tahir! Nshasema Rajabu, nshasema Shaabani, na leo nnasema tena tumo ndani ya Ramadhani. Dakika saba mbele! Iko siku itatufuturisha jua linawaka, halafu mtasema Kheir."

"Saa ya wakfu wa babu yangu hiyo, haiteremshwi ukutani," alijibu Tahir, katibu wa kamati ya msikiti wetu mdogo wa kichochoroni. "Kazi yako wewe ni koo. Ukiona inakimbia, punguza dakika saba kichwani, uadhini. Au na hesabu nayo unaiogopa?"

Waliokaa barazani wakacheka, na mimi dirishani nikacheka. Dirisha langu linatazamana na mlango wa msikiti, hayo yote sikuyapata kwa mtu.

Walicheka kwa sababu Kheir Makungu alikuwa muoga, na mtaa mzima wa Mji Mkongwe ukijua. Aliogopa sindano, aliogopa mende wa kuruka. Boti hakuwahi kupanda, Dar es Salaam aliisikia kwenye redio tu. Ng'ombe wa Idi akipitishwa, yeye anahama njia.

Kazi yake kushona magodoro na mito ya sufi, katika kiduka cha mlango mmoja chini ya nyumba yangu. Sufi akiifuata mashamba ya huko Kizimbani, akirudi nayo magunia kwa magunia. Akianza kuichambua, kichochoro kinageuka mawingu yaliyoshuka kupumzika. Mara ngapi nimesimama na bajia zangu kwenye mafuta, nikatupa jicho dirishani, nikaona nyoya moja la sufi linapita taratibu, halina haraka wala halina pa kwenda, nami nikaenda nalo. Nikizinduka bajia nyeusi.

Na akiadhini, basi. Sauti ilikuwa inapanda kuta kama moshi wa udi, inaingia dirisha hili inatokea lile, na watoto waliokuwa wakigombana wanasahau walichokuwa wakigombania. Hakuwa na jengine la kuhesabiwa nalo mtaani, mali hana, maneno hana. Alikuwa na ile sauti.

Ramadhani ile sheikh wetu alikuwa akisomesha darasa la ushujaa baada ya Alasiri. Panga, farasi, Badri, vumbi la vita. Wanawake tukisikiliza madirishani, na mimi nikimtazama Kheir kajikunyata pembeni, nikisema moyoni: huyu angekuwapo Badri angejificha nyuma ya ngamia. Siku moja sheikh akasoma ile aya inayotuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Ilinipita. Nilikuwa na unga mikononi.

Ikafika mwezi ishirini na tatu Ramadhani. Niseme kwanza jambo ambalo wanawake watalielewa. Tangu mtu avunje ungo, kila Ramadhani ana siku zake anazodaiwa, atake asitake. Mwaka ule umri ulikuwa ushanipumzisha. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza, tangu utotoni, ambao ningeufunga mzima, mwanzo mpaka mwisho, kama bangili isiyo na pengo. Nilikuwa nikizihesabu siku zile kwa vidole kitandani, natabasamu peke yangu.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Redio kimya, simu zimekufa, masika yameteremsha mawingu mpaka juu ya mabati. Kheir alikuwa na magodoro ya harusi ya baada ya Idi. Alichambua sufi kutwa, vumbi lake likimwingia kooni, nikimsikia akikohoa. Jioni, kwa vile kipaza sauti hakikuwa na umeme, alipanda juu ya dari ya msikiti ili watu wamsikie.

Nikakaa dirishani na tende mkononi. Adhana ikapanda, nzuri mno siku ile, nikaona kama inanibeba. Alipomaliza tu, mawingu yakapasuka upande wa baharini. Nyoya la sufi lililokuwa likielea juu ya paa la jirani likawaka dhahabu. Nikasema moyoni, taa hiyo. Nikala tende yangu.

Kheir akashuka. Mlango wa msikiti ulikuwa wazi, wanaume wameshika vikombe. Akasimama katikati yao, kanzu inacheza kwa miguu inavyomtetemeka.

"Waungwana, nisameheni. Jua halijazama. Nimeliona."

Tahir aliruka, akamshika kiwiko, akamnong'oneza mnong'ono ambao hata mimi niliusikia. "Ni saa, Kheir. Sema ni saa. Lawama ntaibeba mimi."

Na nani asingeamini? Mwezi mzima kailalamikia ile saa mbele ya mashahidi! Neno moja tu, angekwenda zake kula futari. Nilimwona akiitazama ile saa ukutani, akaitazama kitambo.

"Saa haina kosa," akasema. "Kila siku mimi nnapunguza dakika saba. Leo koo limenikauka, nikataka iwe kweli. Mtalipa siku kwa kiu yangu. Niwieni radhi."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

Hakuishia hapo. Wagonjwa, wazee na wanawake wa majumbani walikuwa wamefungua kwa sauti yake, na wao nani atawaambia? Akapita mlango kwa mlango, hodi kwa hodi, mtu anayeogopa mende. Akafika kwangu.

"Bi Bashira, siku ya leo..."

"Nshasikia! Niondokee! Mwezi wangu mzima umenitia pengo! Unajua nimeungoja miaka mingapi?"

Atajuaje, na mambo hayo haambiwi mwanamme? Akainamisha kichwa.

"Siku yangu nnaidai kwako, Kheir, duniani na akhera!"

"Naam, Bi Bashira. Nnadaiwa."

Kamati ikampumzisha. Tahir alisema hatorudi kuadhini mpaka asibaki hata mtu mmoja mtaani mwenye kulalamika. Akawekwa Hamid, Mungu amjaalie kheri, sauti yake kama mlango unaoburutwa juu ya sakafu. Watu wakalipa siku zao Mfunguo Mosi, wakamsamehe Kheir mmoja mmoja. Hadi Mfunguo Tatu nimebaki mimi.

"Umeamkaje, Bi Bashira?"

"Na siku yangu?"

"Nnadaiwa, bibi."

Mwaka ukapita hivyo. Magharibi ikikaribia, Kheir anasimama mlangoni pa kiduka chake, sufi imemganda kwenye nywele, midomo inatamka adhana bila ya sauti. Nilimwona kila siku. Usiku nikiota, nasikia ile sauti inapanda ukutani na haifiki kwangu.

Shaabani ikabaki siku tatu. Nikala daku, nikafunga siku yangu kabla Ramadhani haijanikuta nayo. Jioni nikakaa palepale dirishani na tende. Mbingu safi. Nyoya la sufi likapita juu ya paa la jirani, likawaka dhahabu, dhahabu ileile. Hapo nikajiuliza lile ambalo mwaka mzima sikutaka kujiuliza: ile taa ilikuwa taa gani, na umeme haukuwapo?

Nikavaa buibui nikavuka kichochoro. Tahir alikuwa mlangoni, wanaume wamejaa barazani.

"Tahir, mwite Kheir aadhini."

"Si wewe ndiye uliyebaki unamdai?"

"Simdai. Mwaka jana jua na mimi nililiona, tende ikiwa bado mkononi. Nikajiambia taa, nikaila. Yeye alishuka akasema mbele ya wanaume wote, mimi nikanyamaza, halafu nikamtukana juu yake. Mwite, na upesi, mwenzako nna saumu."

Magoti yalinicheza ndani ya buibui. Nikajua kanzu ya Kheir ilikuwa ikicheza kwa nini.

"Alhamdulillahi," Hamid akasema kutoka ndani, akakohoa. Watu wakacheka.

Kheir akaja na unyoya sikioni. Aliisikia habari, maana kichochoro chetu hakifichi neno. Akafika kwenye ngazi, akageuka.

"Bi Bashira, na ile siku?"

"Haikuwa yako. Panda."

Akapanda. Saa ya wakfu ikagonga, hakuishughulikia. Mwanga ukapanda ukutani, ukawa rangi ya zafarani, ukawa rangi ya majivu, ukatoka. Yeye kimya bado.

"Kheir! Unataka kuniua sasa?"

"Subiri kidogo, Bi Bashira," ikajibu sauti juu ya dari.

Nikasubiri, tende mkononi. Kisha adhana ikaanza.