Mnada wa Kushuka

Kama umewahi kusali katika kanisa la Akheri Jumapili ya mavuno, unamjua Elinipa Sumari hata kama jina lake hulijui. Ni yule mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, anayesimama kwenye ngazi za kanisa ibada ikiisha na kunadi vitu ambavyo waumini wameleta badala ya fedha: mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, parachichi, debe la mahindi. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Mwaka ule wa kuezeka kanisa aliuza yai moja kwa shilingi elfu themanini, na aliyelinunua aliondoka anatabasamu kama aliyeokota. Wachungaji watano wamekuja na kuhamishwa, naye yupo pale pale, mkono juu.

Basi mwanamke huyo, Oktoba mwaka jana, alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa anakwenda kununua gari. Maisha yake yote alikuwa amepandisha bei za vitu vya watu, na sasa alitakiwa kuishusha bei ya kitu cha mtu mwingine, mbele ya wanaume wanaofanya kazi hiyo kila siku.

Gari lenyewe halikuwa la kujionyesha. Binti yao wa mwisho, Lilian, alianguka kutoka kwenye mparachichi akiwa na miaka tisa, na tangu hapo miguu yake haikufanya kazi tena. Sekondari aliisoma hapo karibu, baba yake Philemoni akimbeba mgongoni kwenye njia ya matope mpaka barabarani, kila asubuhi na kila jioni, kwa miaka sita. Sasa msichana alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhasibu katika chuo kimoja mjini, chuo kinafunguliwa Jumatatu, na kiuno cha Philemoni kilikuwa kimegoma kabisa. Jioni moja wakimenya maharage Lilian alisema, bila kuinua macho, "Mama, mwaka huu niache tu. Mwakani tutaona."

Elinipa aliijua hiyo mwakani. Aliwahi kuisema yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo haijafika.

Wakauza ng'ombe wawili na miti yote ya mbao iliyokuwa mpakani. Leseni Elinipa alikuwa nayo tayari; aliipata Julai, akiwa na miaka hamsini na minne, katika darasa la vijana waliomwita bibi mpaka siku alipowapita kwenye mtihani. Fedha zilipojumlishwa na kutolewa za bima, mafuta na kubadilisha kadi ya gari, zilibaki milioni tisa na laki tatu. Juu ya hapo hapakuwa na shilingi. Hapo ndipo Lilian angesoma au angebaki nyumbani.

Jumamosi asubuhi walikodi pikapu ya jirani wakashuka Daraja Mbili, mahali ambapo kuna yadi za magari zimepakana. Lilian aliachwa na kiti mwendo chake kwa Siwema, rafiki wa mama yake anayepika chapati pale kona. Hakupenda kuachwa.

"Kwani si mimi ndiye nitakayepanda?" alisema.

"Ndiyo maana ukae hapa," mama yake alimjibu. "Wakikuona watajua nina shida. Watu wakishajua mtu ana shida, wengine watampandishia bei na wengine watamwonea huruma. Mimi sitaki yote mawili."

Aliongozana na shemeji yake Godbless, mdogo wa Philemoni, fundi mwenye gereji yake Maji ya Chai. Injini Godbless anaijua, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Shida ya Godbless ni mdomo. Njia nzima Elinipa alimwapisha: asisifu kitu, asicheke, akiona kizuri akohoe tu.

Katika yadi ya kwanza Godbless alikwenda moja kwa moja kwenye gari jeusi, refu, namba E za usajili wa karibuni, linalong'aa mpaka unajiona. "Shemeji, hili ndilo gari la familia. Ukiingia nalo kanisani hata mchungaji atasimama."

Elinipa alitoa mfukoni kamba ya katani yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa kimo cha sehemu ya kukalia ya kiti mwendo kutoka chini, la pili lilikuwa upana wa kiti hicho kikikunjwa. Usiku aliipima mara tatu ili asikosee. Akaishusha kamba pembeni ya kiti cha gari lile jeusi, na fundo likabaki chini sana. Kutoka kwenye kiti mwendo mpaka pale juu, mtu angehitaji kubebwa.

"Refu," alisema, akaondoka.

Ndivyo walivyozunguka. Gari hili refu, lile fupi mno, lile mlango mwembamba. Vijana wa yadi walikuwa wanatazamana, hawajawahi kuona mteja anayepima gari kwa kamba bila kuuliza linakula mafuta kiasi gani. Katika yadi ya Koikai, mwanamume mpole mwenye kofia ya mkeka, walikuta gari dogo aina ya Raum, la bluu, ambalo kamba ilikubali, ila Godbless alichungulia chini akaona oili inadondoka. Alikohoa mara mbili, ishara ambayo hawakuwa wamekubaliana maana yake, lakini sura yake ilitosha.

Yadi ya jirani ilikuwa ya Jamaldini. Alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, kanzu nyeupe, heshima tele. "Shikamoo mama. Karibu sana, angalia kwa nafasi yako."

Pale katikati ilisimama Raum nyingine, rangi ya fedha, namba D. Elinipa alifungua mlango wa mbele wa abiria, akausukuma wa nyuma, na upande mzima ukabaki wazi. Hapakuwa na nguzo katikati. Alishusha kamba. Fundo likakaa sawa na kiti, sawa kabisa. Alipima nafasi ya nyuma ya kiti, ikatosha na kubaki. Moyo ulimpiga mpaka akaogopa Jamaldini atausikia, akajifanya anakagua zulia.

Godbless alikuwa amefungua boneti. Aliwasha, akasikiliza, akalala chini, akainuka na vumbi mgongoni. "Aisee!" alisema kwa sauti ambayo hata Siwema kule kona aliisikia. "Hii gari iko safi kweli kweli!"

Jamaldini alitabasamu. Elinipa alimtazama shemeji yake jinsi anavyomtazama mtu anayenunua kuku wa kanisa kwa elfu mbili.

"Unasema bei gani, baba?"

"Milioni kumi na moja na nusu, mama. Lakini maongezi yapo."

"Nane."

"Mama, utaniua. Kumi na moja."

Walivutana hivyo, kwa adabu, wakipeana pole na kuulizana habari za nyumbani katikati. Elinipa alifika nane na nusu. Jamaldini alifika kumi na nusu, akasimama. Akatoa simu, akaiangalia, akashusha pumzi. "Kwa kweli kuna mteja wa Moshi amenipigia tangu asubuhi. Yuko njiani. Kumi na nusu ndiyo mwisho, mama yangu, sina namna."

Mteja wa Moshi! Elinipa nusura acheke. Huyo alikuwa anamfahamu vizuri. Mara ngapi mnada ulipolala pale Akheri, yeye mwenyewe alitazama juu ya vichwa vya watu, kule kwenye migomba, akasema amesikia mwenye elfu hamsini nyuma kule? Nyuma kule hakukuwa na mtu. Mchungaji alijua na alinyamaza, maana mabati yalikuwa yanahitajika.

Kumjua adui ni kitu kimoja, kukishika kinywa chako mwenyewe ni kingine. Namba ile, kumi na nusu, ilikuwa imetamkwa wazi mbele ya watu, na miaka ishirini na miwili ya Jumapili ikamtawala. Kabla hajafikiri, mkono wake ukawa juu.

"Kumi na nusu mara ya kwanza! Nani kumi na moja?"

Yadi ikapasuka kwa kicheko. Vijana walijishika mbavu, Godbless alifunika uso, na Jamaldini mwenyewe aliegemea gari lake machozi yakimtoka. Koikai alichungulia juu ya uzio kuona kuna nini.

"Mama, unanunua au unauza?" aliuliza.

Elinipa aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, kumi na zaidi, nyuso zimemwelekea yeye, na nyuso za namna hiyo hazijawahi kumshinda. Alimtazama Koikai, mwenye Raum ya bluu. Alimtazama Jamaldini, mwenye ya fedha. Akapanda kwenye ngazi ya ofisi.

"Nanunua!" alisema kwa sauti ya kanisani. "Nanunua Raum moja, leo, fedha ipo benki hapo mbele. Huyu amesema kumi na nusu. Koikai, wewe unayo pia. Nani atashuka? Kumi! Nani kumi?"

"Kumi!" alisema Koikai, akiruka uzio.

"Kumi kwa Koikai! Jamaldini baba yangu, unaona wageni wanakuja kukunyang'anya nyumbani kwako?"

"Tisa na laki nane," alisema Jamaldini, bado anacheka.

"Tisa na nusu!" alipokea Koikai.

Jamaldini aliacha kucheka. Umati ulimgeukia, na Elinipa alihisi jasho linamtiririka mgongoni. Gari lililokuwa linashinda lilikuwa lile bovu, na bei bado ilikuwa imempita laki mbili. Hakuna aliyejua. Usoni alikuwa amechangamka kama siku ya lile yai.

"Tisa na nusu mara ya kwanza, kwa Koikai!" Alimwita Koikai, ila macho aliyaweka kwa Jamaldini, jinsi anavyomtazama kule kanisani mwanamume ambaye mke wake amesimama pembeni yake. "Gari la bluu linakwenda. La fedha linabaki hapa linaota jua, likimsubiri mtu wa Moshi. Tisa na nusu, mara ya..." Akaivuta hiyo mara mpaka watu wakaanza kuguna. "Mara ya..."

"Tisa na laki mbili!" alipiga kelele Jamaldini. "Na matairi mawili mapya! Haya, mama, umeniweza!"

Koikai alivua kofia. "Mimi nimeshindwa. Mchukue mteja wako."

Makofi yalilia mtaa mzima. Godbless alirusha kitambaa chake cha oili juu. Elinipa hakushusha mkono.

"Tisa na laki mbili, mara ya kwanza! Mara ya pili!" Akageuka kutazama kona ya Siwema.

"Maliza, mama," alisema Jamaldini.

"Bado. Mwenye gari hajaliona. Godbless, kamlete."

Watu walipisha. Lilian aliingia yadini akisukuma magurudumu kwa mikono yake, amekunja uso, kwa sababu kelele zote alizisikia na hakuna aliyemweleza kitu. Aliona milango iliyo wazi. Akasogeza kiti mwendo mpaka kikagusana na kiti cha gari, akafunga breki. Godbless alikwenda kumbeba kama kawaida, na Elinipa akamkamata shati.

"Mwache."

Lilian aliweka mkono mmoja kwenye kiti cha gari, mwingine kwenye kiti chake, akajivuta. Mara moja tu. Akaivuta miguu ndani, mmoja baada ya mwingine. Kisha akainama, akakikunja kiti mwendo, akakiingiza nyuma yake kupitia pale ambapo magari mengine yana nguzo. Miaka kumi hajawahi kupanda gari lolote bila mikono ya mtu mwingine mwilini mwake. Koikai alijipangusa jicho bila kujificha.

"Mama," Jamaldini alisema polepole, "mbona hukuniambia? Ningekupunguzia tangu mwanzo."

"Najua, baba. Ndiyo maana sikukuambia. Nilikuja kununua."

Jamaldini aliinamisha kichwa, akampa funguo kwa mikono miwili. Elinipa akatazama ndani ya gari. Lilian alikuwa ameegemea kiti, anapitisha kiganja juu ya dashibodi, na Jumatatu ilikuwa imemjaa usoni. Elinipa alifungua kinywa amalizie mnada, sauti haikutoka.

Lilian akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Mara ya tatu!" alisema, kwa sauti ile ile ya mama yake. "Limekwenda!"